Wazee Walipovuka Ziwa

Mwenzenu naishi Nkhata Bay, Malawi. Mwaka jana nilikwenda Mbinga kuwachukua wazee wangu waje kunitembelea. Tukateremka hadi Mbamba Bay, tukapanda boti.

Baba ni Mmatengo wa milimani, bingwa wa ngoro na kahawa. Ziwa Nyasa kwake ni la kuletewa samaki tu. Njia nzima kang'ang'ania ubao, rozari mkononi!

Kufika, jirani yangu akawakaribisha “Ziwa Malawi”. Mzee akaja juu: “Nyasa hilo!” Mama wala hana habari, anashambulia nsima na usipa: “Si ugali na dagaa hawa?”

Jioni ya tatu baba akakaa ufukweni, macho mashariki.

“Kwetu kule?”

“Ndiyo, baba.”

“Kumbe karibu hivi! Mbona miaka sita ndiyo umekuja juzi?”