Jambo ya Mlangoni

Kila Alhamisi mimi hujitolea katika shule moja ya kati hapa Grand Prairie, darasa la 6 hadi la 8. Wanafunzi huhama chumba kila kipindi. Ni rahisi mtoto amalize siku bila kuitwa jina lake. Mwalimu wa hesabu amelikataa hilo. Husimama mlangoni akimsalimu kila mmoja. Mvulana aliyetoka Goma husalimiwa "Jambo!" Naye, aliyekaa kimya muhula mzima wa kwanza, siku hizi hujibu, "Jambo sana!"

Najua wanachama mtaguna: hiyo si salamu ya watalii? Kwetu Tanga, labda. Goma na Bukavu ni salamu ya nyumbani. Mwalimu aliponiuliza kama anaitamka sawasawa, nilimwambia amuulize mvulana mwenyewe. Alimsahihisha mara mbili, mbele ya darasa zima, na darasa likarudia pamoja naye.