Kutoka Ubao wa Matangazo hadi Simu: Kumbukumbu ya Fundi wa Maji Syokimau

Nilipoajiriwa kwenye kazi ya maji, miaka ya tisini, habari za kazi yetu zilifika ndani ya bahasha ya kahawia. Waraka ulitoka Maji House, pale Ngong Road, ukapita mkoani, ukashuka wilayani, na siku ulipobandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya karani ulikuwa umekwisha kupitwa na mambo. Tangazo la mafunzo ulilisoma wakati waliosoma wamekwisha kurudi makwao. Hatukulalamika sana. Tulikuwa watumishi wa serikali, na mshahara ulifika hata maji yasipofika.

Elimu yenyewe ilikaa vichwani mwa wazee. Palikuwa na mmoja aliyezijua vali zote kuanzia Athi River hadi Mlolongo, na zile chache zilizokuwa upande wetu wa Syokimau. Ramani ya mabomba ilikuwepo, karatasi kubwa ya buluu iliyotafunwa na mende pembeni, lakini ramani ilionyesha yaliyopangwa, na mzee alijua yaliyofukiwa. Usiku, malori yakipungua Barabara ya Mombasa, alichukua ufito wa chuma, akausimamisha juu ya vali, akatega sikio kwenye ncha ya juu. Bomba zima halina la kusema. Linalovuja hutoa mluzi mwembamba, usiokatika, na ukihama hatua chache mluzi unakua au unafifia, hivyo unajua uelekee wapi. "Weka sikio, kijana, usiweke haraka," alikuwa akiniambia. Nikitaka kuandika kwenye daftari alicheka. Alipokwenda likizo kwao na bomba likapasuka, tulifunga laini nzima, tukamngoja.

Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya udongo wetu, jambo ambalo sikuwahi kulikuta kwenye waraka wowote. Tambarare hii ina udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa kiangazi kikikaza, nyufa za kuingiza mkono mzima. Ukilaza bomba la plastiki juu yake bila kulitandikia mchanga, udongo utalivuta na kulisukuma msimu hadi msimu mpaka liachane kwenye maungio. Ndiyo maana hapa mabomba hupasuka hata mwezi ambao hakuna gari lililopita juu yake. Mgeni aliyetoka kwenye udongo mwekundu wa Kiambu angeweza kufanya kazi yake vizuri kabisa, na mwaka ukigeuka kazi ile ikafumuka.

Syokimau yenyewe wakati ule ilikuwa nyasi, ng'ombe na nyumba za kuhesabika. Jina ni la mtabiri wa Wakamba ambaye wazee wetu wanasema aliota nyoka mrefu atakayetambaa kutoka maji hadi maji, yaani kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Victoria, na reli ikaja ikafika Nairobi mwaka 1899. Kuhusu bomba hakutabiri kitu. Maji ya eneo hili la Mavoko yalitoka mbali: mengine upande wa Nairobi, mengine kwenye chemchemi za Nolturesh, chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Loitokitok, yakasafiri nchi ya Wamaasai na kupita Sultan Hamud ndipo yakatufikia sisi, Machakos na Athi River. Njiani kila mwenye ng'ombe na shamba aliyahitaji, na ni haki kusema walikuwa na hoja, maana bomba lilipita malangoni mwao. Sisi wa mwishoni tulipokea kilichobaki.

Mambo yaligeuka kwa Sheria ya Maji ya 2002, iliyoanza kazi mwaka uliofuata. Wizara ikaondolewa kwenye kuuza maji, zikaja bodi, zikaja kampuni, akaja na msimamizi, WASREB, wa kutoa leseni na kukagua bei. Upande wetu baadaye ukawa chini ya Bodi ya Tanathi yenye makao Kitui, na huduma ya mtaani ikawa ya kampuni ya Mavoko. Kwenye karatasi yalikuwa mageuzi. Katika chumba chetu cha chai yalikuwa hofu. Kila mtu aliuliza: tutabaki wangapi?

Nadhani hapo ndipo tulipoanza kufuatilia habari za maji za majirani, kwa kuwa riziki ilikuwa hatarini. Dar es Salaam walikuwa wameikabidhi kampuni ya City Water kazi mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka kumi, na Mei 2005 serikali ya Tanzania ikauvunja. Habari ile tuliisoma gazetini kwa zamu, gazeti moja watu kumi, na waliokuwa wakisema "si niliwaambia" walikuwa wengi kuliko waliokuwa wamesema lolote. Kutoka Kampala ilikuja hadithi nyingine. Shirika la maji la Uganda, NWSC, lilikuwa limebaki mikononi mwa umma, na Dkt. William Muhairwe, aliyeshika uongozi mwaka 1998, alianza na mpango wa siku 100 uliowapa wafanyakazi malengo ya kupimika. Shirika lililokuwa likizama likaanza kuogelea. Wakubwa zetu kadhaa walitumwa huko kujifunza. Walirudi na makabrasha, na mmoja wao, Mungu ambariki, aliyageuza kuwa maneno ya kawaida akatufundisha chini ya mti, pale stoo ya mabomba.

Lakini kwa maoni yangu kilichotubadilisha zaidi ni aibu ya hadharani. WASREB ilianza kuchapa ripoti ya kila mwaka, inaitwa Impact, inayoweka kampuni zote za maji za Kenya kwenye jedwali moja: saa za maji kwa siku, ubora, wafanyakazi wangapi kwa kila wateja elfu moja, na hasa maji yanayopotea bila kulipiwa. Kitaifa upotevu huo umekuwa zaidi ya asilimia 40, wakati kiwango kinachovumiliwa hakizidi 25. Kabla ya hapo tulisema "maji ni haba" na mwananchi akakubali. Sasa mwandishi wa habari alikuja na ukurasa ameukunja, anauliza kwa nini mji fulani unapoteza nusu tu ya mnayopoteza ninyi. Meneja akawa anatuuliza sisi.

Ndipo elimu ya ufito na sikio ikapata ndugu. Tulifundishwa kupima maji yanayoingia mtaani saa nane za usiku, watu wamelala na mifereji imefungwa. Yanayoendelea kupita saa hiyo, ukiondoa ya matangi yanayojaa, ndiyo yanayovuja au kuibwa. Tulijifunza kwamba mita kuukuu huhesabu kidogo kuliko inavyopitisha, kwa hiyo mteja mwema anakuibia bila kujua. Wasomaji mita, ambao utani wa zamani ulisema wanasoma wakiwa kivulini, wakapewa simu za kupiga picha mita, na picha ina saa na mahali. Wenzangu kadhaa walikwenda Kenya Water Institute, South C, wakarudi na stashahada. Wengine walifanya mtihani wa serikali wa ufundi, wakapanda kutoka gredi ya tatu hadi ya kwanza, wakiwa na wajukuu. Mzee wa ufito alikuwa amestaafu. Siku tuliyotembea naye mtaani, kijana mwenye kifaa cha kupimia mahali kwa satelaiti akiingiza vali moja moja kwenye ramani ya kompyuta, mzee alionyesha kwa kidole na kusema, "Hiyo hapo, chimba," na tulipochimba tuliikuta. Ile ndiyo siku ya kazi niliyoifurahia kuliko zote.

Wakati sisi tunajifunza, Syokimau haikungoja. Katiba ya 2010 ikaandika kwenye Ibara ya 43 kwamba maji safi na ya kutosha ni haki ya kila mtu, na kuanzia 2013 huduma ya maji ikawa jukumu la kaunti. Stesheni mpya ya treni ilifunguliwa Novemba 2012, kisha kituo kikuu cha reli ya SGR mwaka 2017, na barabara ya juu ya kulipia kutoka Mlolongo mwaka 2022. Nyasi zikageuka ploti, ploti zikageuka ghorofa. Mtu alinunua kipande, akachimba msingi, ndipo akauliza maji yako wapi. Bomba lilikuwa bado liko Barabara ya Mombasa. Basi kila mtaa wenye lango ukachimba kisima chake kwa mashine, mita 200 na zaidi kwenda chini, na asiye na kisima akanunua kwa lori au kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi.

Hapa ndipo pananiuma. Habari na mafunzo ya sekta siku hizi hazina upungufu. Corona ilipoingia Machi 2020, semina zilihamia kwenye simu, na fundi wa Mavoko akaweza kumsikiliza mhandisi wa Kigali akiwa amekaa kitandani. Tuna makundi ya WhatsApp ambako picha ya vali mbovu hupata majibu kabla chai haijapoa. Wahandisi waliosajiliwa wanatakiwa kukusanya pointi za mafunzo ili waendelee kupewa leseni, na ni jambo jema. Ila maji mengi wanayooga na kunywa watu wa Syokimau hayapiti mkononi mwa mhandisi huyo. Yanapita mkononi mwa mtunza nyumba, mlinzi wa lango, dereva wa lori na binti wa duka la kujazia maji ya kunywa. Hao hakuna waraka unaowafikia, hata ule wa zamani wa bahasha ya kahawia.

Tangu nistaafu, mitaa ya karibu huniita. Mwaka jana niliitwa kwenye ua wa nyumba sitini hivi, pampu imeungua. Kijana anayeiendesha ni mwerevu, anafagia ua, anafungua lango na anawasha pampu. Nikamuuliza, "Maji yako umbali gani ukiwa umesimama hapa juu?" Akaniambia, "Mzee, yako chini." Hakuna aliyewahi kumpa kamba ya kupimia. Kina kilikuwa kimeshuka kiangazi chote, pampu ikanyonya hewa mpaka koili zikaungua, na kifaa cha kuizima maji yakiisha kilikuwa kimerukwa kwa waya ili "isisumbue". Pampu mpya iliwagharimu wakazi kuliko mshahara wa miaka miwili wa kijana yule.

La pili ni floridi. Mawe ya volkano yaliyo chini yetu huyapa maji ya visima vingi vya ukanda huu floridi kupita kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 12, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya watoto wanaokua wakiyanywa huota madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Kamati ya ua ule ilinionyesha kwa fahari ndoo ya klorini. Nikatoa vidonge vyangu vya kupimia, nikatia kimoja kwenye chupa ndogo ya maji ya mfereji, yakageuka waridi hafifu: klorini ilikuwepo, kwa kiasi kizuri. Mama mmoja akasema, "Basi ni salama, baba." Nikamwambia klorini inaua vijidudu, haigusi floridi, na ukichemsha maji ndiyo unaizidisha, maana yanayopungua ni maji, floridi inabaki sufuriani. Mashine ya kuchuja kwa msukumo mkubwa huiondoa, ikiwa chujio lake linabadilishwa kwa wakati. Walinitazama kwa muda. Wamekaa pale miaka, wana wahasibu na mawakili miongoni mwao, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Mamlaka ya Rasilimali za Maji hudai kibali kabla ya kuchimba, ripoti ya mtaalamu wa miamba, pampu kujaribiwa, na mita ya kupima kinachotolewa. Nyaraka hizo ziko kwenye faili la mwenye ploti au la aliyemuuzia. Anayewasha pampu hajawahi kuziona.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kaunti ya Machakos, kampuni ya maji na vyama vya wakazi wanaweza kuwaweka waendesha visima darasani siku mbili kwa mwaka: kupima kina, kupima klorini, kusoma cheti cha maabara, kujua lini pampu izimwe. Walimu wapo, nusu yao tumestaafu na tuko hapa hapa Katani Road. Na wewe unayetafuta nyumba Syokimau, usiishie kuuliza kodi na umbali wa stesheni. Omba uonyeshwe cheti cha maji cha mwaka huu, tazama mstari wa floridi, kisha muulize anayewasha pampu alifundishwa na nani.