Jiwe la Ilesi Lingali Likilia

Msomaji, je, umewahi kusafiri kwa basi au matatu kutoka Kisumu hadi Kakamega? Gari hupanda vilima vya Maragoli, likapita Majengo, Mbale na Chavakali. Mkishaiacha Khayega, abiria huanza kutafuta mizigo yao maana mji umekaribia. Kwa bahati mbaya, ni hapo hasa ambapo watu wengi hupitwa na mojawapo ya maajabu ya Magharibi mwa Kenya.

Kila mji una alama yake. Wakazi wa Mombasa hujivunia ngazi za kale za Leven, zinazoteremka kuelekea baharini katika Mji wa Kale. Kakamega haina ngazi za aina hiyo. Alama yake ni jiwe, nalo liko Ilesi, kando ya barabara hiyo hiyo ya Kisumu.

Safari ijayo, tupa macho nje ya dirisha. Utaona mwamba mkubwa uliosimama kama mtu mwenye mabega mapana, na juu yake jiwe la mviringo lililokaa kama kichwa kilichoinama kwa huzuni. Kimo chake ni kama meta 40 hivi, yaani hushinda majumba mengi ya ghorofa unayoyajua. Kutoka kwenye hicho kichwa maji huchuruzika na kuacha michirizi mieusi, mithili ya machozi mashavuni. Waisukha, ambao ndio wenyeji, huliita Ikhongo Murwi, na neno murwi lina maana ya kichwa.

Mbona jiwe lilie? Waulize wazee nao watakusimulia. Yasemekana kwamba hapo kale palikuwa na msichana aliyempenda mwanamume kwa dhati, kisha akaachwa. Alilia siku nenda siku rudi, asibembelezeke, mpaka akageuka jiwe. Wengine hukisimulia kisa hiki kwa namna tofauti, lakini machozi hayakosi.

Wewe mwanafunzi wa sayansi huenda ukatabasamu. Ni kweli kwamba Kakamega hupata mvua nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na maji hayo huingia katika mianya ya miamba kisha yakatiririka polepole. Lakini maelezo ya mwalimu hayafuti hadithi ya nyanya. Mwalimu hukueleza maji yanakotoka, naye nyanya hukufunza kwamba kumvunja mtu moyo si jambo dogo.

Mnamo 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, na wageni wakamiminika kutoka kila pembe kuitafuta. Migodi mikubwa, kama ule wa Rosterman, ilifungwa miaka ya 1950 na wenyewe wakaenda zao. Jiwe limebaki.

Hata hivyo, jiwe hili linahitaji kutunzwa. Wapo wanaodai kwamba machozi yake hayajapata kukauka hata wakati wa ukame. Wengine hulalamika kwamba siku hizi yamepungua. Ukweli ni kuwa miti ya asili ikikatwa na badala yake ikapandwa mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi, chemchemi yoyote ile huwa hatarini. Nao wageni wanaoandika majina yao kwa rangi au makaa kwenye miamba hudhani wameacha kumbukumbu, kumbe wameacha uchafu.

Hadithi yenyewe nayo yaweza kukauka. Wazazi wengi mjini huwapeleka watoto nyumbani mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi. Mtoto hupita Ilesi akiwa amelala au ameinamia simu. Asipoambiwa, kwake hilo litakuwa jiwe tu kama mengine.

Kwa hivyo, mzazi, shuka kituoni Ilesi na jamaa yako. Vaa viatu visivyoteleza, na usithubutu kupanda miamba iliyolowa. Watu wana maboma yao karibu na hapo, hivyo piga hodi, salimu wazee na uombe ruhusa kwanza. Kisha mwombe mwenyeji akusimulie kisa chenyewe, watoto wakisikiliza.

Kabla hujarudi garini, pitia kwa akina mama wafinyanzi. Ilesi ina sifa ya vyungu na mitungi inayofinyangwa kwa mikono kutokana na udongo wa papo hapo. Nunua chungu kimoja. Kitawafaa kwa maharagwe, na kila kitakapoinjikwa mekoni huko Nairobi au Nakuru, mtoto atakumbuka kilikotoka na kuuliza tena, "Mama, lile jiwe bado linalia?"

Akiuliza hivyo, jua safari yenu haikwenda bure.