Nukta Katika Diski

Mtafiti wa tenzi kongwe hujaza diski kabla hajajaza daftari. Ukurasa mmoja wa mswada huupiga picha mara tatu kwa hofu ya mkono kutetemeka. Kisha folda nzima huinakili nyumbani, ofisini na katika kompyuta ya rafiki. Mwaka haujaisha, utenzi mmoja umekwisha kuwa kumi na miwili, na nafasi hakuna.

Wataalamu wa kompyuta wana dawa mbili. Ya kwanza ni kubana. Mwaka 1952 David Huffman alichapisha mbinu ya kuipa herufi itumikayo sana msimbo mfupi na ile adimu msimbo mrefu (kwa Kiswahili, irabu 'a' ingefaidi kuliko zote). Mwaka 1977 Abraham Lempel na Jacob Ziv wakaonyesha kwamba fungu lililokwisha kuandikwa halina haja ya kurudiwa. Yatosha kuelekeza nyuma lilipo. Dawa ya pili ni kuondoa nakala rudufu: faili hukatwa vipande, kila kipande kikakokotolewa alama yake mithili ya alama ya kidole, na vyenye alama moja vikahifadhiwa mara moja tu.

Hapo hakuna herufi ipoteayo. Hatari huanza mashine inapotosheka na kufanana. Agosti 2013, Mjerumani David Kriesel alifichua kwamba mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu. Katika mchoro wa nyumba, vyumba vya mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vyote vilitoka 14.13. Mbinu ya ubanaji iitwayo JBIG2 iliona maumbo mawili yakikaribiana, ikahifadhi moja na kulipachika mahali pa jingine. Wala hapakuwa na ukungu wa kumshtua msomaji. Tarakimu ya uongo ilitoka safi kama ya kweli. Xerox ilirekebisha programu yake.

Sasa na tuutazame mswada wa hati za Kiarabu. Ba, ta na tha zina umbo moja. Kinachozitenga ni nukta, moja chini, mbili juu, tatu juu. Tena ba hiyohiyo mara nyingi husimama badala ya 'p', hata 'mb', na msomaji ameachiwa kukisia. Mashine ikila nukta, neno hugeuka, lakini mizani 8 hubaki 8. Arudhi, mlinzi wa siku zote, haitambui mwizi amepita.

Kwa hiyo mtafiti hufuta nakala za ziada, zile zilizo sawa baiti kwa baiti, na picha asilia haziguswi. Nafasi ikipungua tena, hukosa chakula cha mchana wiki mbili akanunua diski nyingine.