Mdoli wa Alizeti, na Kwa Nini Macho Yake Si Vifungo (Sehemu ya 3)



Kwenye sehemu ya pili niligusia wadoli ninaofuma siku zangu za mapumziko, wale ninaowapeleka wodi ya watoto. Inboksi ikajaa. Nusu walitaka picha, nusu wanataka kufundishwa. Dada mmoja akauliza swali nililolipenda kuliko yote: "Nesi, mbona macho umeyashona kwa uzi tu? Ungeweka vifungo si angependeza zaidi?"

Leo najibu hilo kwa urefu, maana hapo ndipo ufumaji wangu na unesi wangu vinapokutana. Chukua chai yako, kaa.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Sisi tuliokua miaka ya tisini, sebule gani haikuwa na vitambaa vya makochi? Vyeupe, vimefumwa kwa kroshia, vimelazwa juu ya kiti, juu ya redio, juu ya meza, na ole wako uvikanyage. Mama zetu walikaa barazani jioni, mkono unafuma, mdomo unapiga stori. Basi mdoli huyu ni kroshia ileile. Wajapani wanaita amigurumi, neno lililotokana na maneno yao mawili, la kufuma na la mdoli uliojazwa. Tofauti yake na kitambaa cha kochi ni kwamba hapa unafuma kwa kuzunguka, kitu kinajikunja kuwa mpira, halafu unajaza ndani. Kama mama yako alikufundisha kitambaa, umeshafika nusu ya safari.

Mimi nimechagua ua la alizeti kwa sababu nimekulia Singida, na mtu wa Singida ukimwambia afume ua hatafuma waridi. Uso wa mdoli ni kahawia, kama moyo wa alizeti. Petali za njano zinauzunguka uso. Mwili ni kijani, mikono ni majani mawili. Ukimwangalia unaona ua, ukimwangalia tena unaona mtoto.

Mahitaji ni haya: uzi wa pamba rangi tatu, kahawia, njano na kijani, na kipande cha uzi mweusi. Sindano ya kroshia ya milimita 2.5, nyembamba kidogo kuliko ile ambayo uzi wako umezoea, ili matundu yabane. Pamba ya kujazia mito, ile ya dukani yenye nyuzinyuzi. Sufi ya mtini iache kwenye mto, nyuzi zake ni fupi na laini mno, zinachungulia nje. Sindano ya mkono yenye tundu kubwa. Pini moja ya kuwekea alama.

Kichwa unaanzia katikati ya uso. Tengeneza duara la uzi, ingiza mishono mifupi 6, vuta duara lifunge. Mzunguko wa pili, kila mshono utie miwili, unapata 12. Unaendelea kuongeza 6 kila mzunguko: 18, 24, 30, 36. Weka pini kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko, la sivyo mtoto akikuita mara moja tu hesabu imepotea.

Ukifika 36, tazama juu ya mishono yako. Kila mshono una nyuzi mbili zinazolala kama herufi V, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Mzunguko wa saba fuma kwa kushika uzi wa nyuma peke yake. Nyuzi za mbele zitabaki zimeuzunguka uso kama pete. Hizo ziache, ndimo petali zitakapoota. Fuma mizunguko mingine minne ya 36 bila kuongeza wala kupunguza, kisha simama.

Sasa chukua uzi wa njano urudi kwenye ile pete. Petali moja inakula mishono mitatu: wa kwanza mshono wa kufungia, wa pili unatia mishono mirefu mitano humohumo, wa tatu mshono wa kufungia. Mishono 36 inakupa petali 12 kamili. Zivute moja moja uone. Haziondoki, kwa sababu hujazishona juu ya uso, zimefumwa ndani yake. Hilo si pambo, nitakueleza.

Kabla hujafunga kichwa, shona macho na mdomo kwa uzi mweusi, fundo libaki kwa ndani. Halafu anza kupunguza, mishono miwili unaifanya mmoja: 30, 24, 18. Hapo jaza pamba, kidogo kidogo, ukisukuma mpaka kingoni. Endelea 12, 6, funga. Mwili ni vilevile kwa kijani, unaishia 30, unapanda mizunguko minane, unapunguza mpaka 18, unajaza, unauunga na kichwa kwa kuzungusha uzi mara mbili, si mara moja. Majani ya mikono yashonee mwilini kwa kupita upana wote wa shina lake. Mikia yote ya uzi izamishe ndani, uirudishe upande wa pili, ndipo ukate.

Haya, sasa vifungo.

Mama, mtoto wa chini ya miaka mitatu anaijua dunia kwa mdomo. Mdoli utakayempa hatamtazama kama wewe unavyomtazama. Atamtafuna. Atamnyonya sikio, atamvuta jicho, na jicho la kifungo lililoshonwa kwa uzi mmoja likilowa mate kila siku, ipo siku litatoka. Njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba sana. Kifungo, shanga, punje ya karanga, mbegu ya hindi, vyote vinatosha kuiziba. Kipimo rahisi cha nyumbani: chukua lile boksi la duara la katikati ya karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachopita humo, mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachiwe achezee.

Wadoli wanaoimba nao, angalia betri. Zile betri ndogo za duara, bapa kama sarafu, zikikwama kooni zinaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa mbili tu. Ukishuku mtoto kaimeza, usisubiri aitoe chooni, nenda hospitali muda huohuo.

Na akipaliwa mbele yako je? Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kaa naye. Kama hawezi kukohoa, hatoi sauti, midomo inabadilika rangi, piga kelele watu waje, na wewe anza. Wa chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kidogo, mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kisigino cha kiganja. Hakijatoka, mgeuze, mbonyeze kifuani katikati mara 5. Rudia. Wa zaidi ya mwaka, mara 5 mgongoni, kisha simama nyuma yake umbane tumbo juu ya kitovu kuelekea ndani na juu mara 5. Usiingize kidole mdomoni kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma. Akilegea akapoteza fahamu, mlaze chali mahali pagumu, mkandamize kifua na kumpulizia pumzi, huku mwingine anatafuta usafiri.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Uzi uliolegea. Uzi mmoja mwembamba, hata unywele, unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mkono au cha mguu cha kichanga na kukaza mpaka damu isipite. Mama anaona mtoto analia tu, anadhani tumbo. Kichanga akilia bila sababu unayoijua, mvue soksi, kagua vidole kimoja kimoja. Ndiyo maana nasema matundu yabane, mikia izamishwe, na mdoli asiwe na kamba ndefu shingoni wala mgongoni.

Na kitandani? Chini ya miezi 12, mdoli halali na mtoto. Wala mto, wala blanketi zito. Mtoto alale chali mahali tambarare, mdoli akae rafuni aonekane tu, muda wake utafika.

Kumfua: maji ya vuguvugu na sabuni, mkamue kwenye taulo bila kumnyonga, mwanike juani mpaka ndani pakauke kabisa. Bonyeza tumbo, ukisikia ubaridi bado. Kila baada ya kufua, vuta petali, vuta mikono. Kilicholegea kirudishie siku hiyohiyo.

Sasa mbona nahangaika kumfanya mdoli aweze kutafunwa, kufuliwa na kuvutwa hivi? Kwa sababu ana kazi, na kazi yenyewe inaanzia kwenye sentensi ambayo nikipita na sare yangu mtaani siikosi: "Nyamaza! Unamwona nesi yule? Atakuchoma sindano!"

Jamani. Mnajua hiyo sentensi inanifikia wapi? Inanifikia usiku wa manane, mtoto kaletwa na homa kali, anahitaji dripu haraka, na akiniona tu anapiga mayowe, anajikunja, mshipa unapotea. Tunamshika watu watatu. Tunachoma mara mbili, mara tatu, penye mshipa ambao mtoto aliyetulia tungeupata mara moja. Mlimfundisha kuniogopa ili anyamaze dakika tano sokoni.

Mdoli anasaidia kuvunja hilo. Mtoto wangu mmoja wa wodini, sitasema wa lini wala anaumwa nini, alikuwa haruhusu mtu asogee. Nikampa alizeti. Nikamwambia huyu naye anaumwa, anahitaji dripu, utamshika mkono? Nikafunga kamba jani la mdoli, nikapaka spiriti, nikabandika plasta. Yeye anamwambia mdoli, "Usitingishike, ukitingishika wanarudia." Tulipofika zamu yake alilia, sitawadanganya. Lakini mkono aliutoa mwenyewe. Mara moja tu, mshipa ukapatikana.

Mdoli huyo hakurudi kwangu. Wodini hatuhamishi mdoli wa uzi kutoka kitanda hadi kitanda, vijidudu navyo vinahama. Mtoto akimpata ni wake, anaruhusiwa naye.

Nyumbani fanyeni hivi kwa watoto wa miaka mitatu na kuendelea. Kabla hujampeleka kupimwa malaria, mpimeni mdoli kwanza. Chukua lile bomba la plastiki la dawa ya maji, lisilo na sindano, sindano halisi kamwe. Mwache yeye awe nesi. Na akikuuliza kama itauma, usimwambie haiumi. Mwambie, "Itauma kidogo, kama kufinywa, halafu itaisha, na mimi nitakuwa nimekushika." Ukimdanganya leo, kesho hatakuamini wewe wala mimi. Kwa mdogo, mwambie muda mfupi kabla ya kutoka nyumbani, usimwambie wiki nzima kabla akakosa usingizi.

Kwa hiyo dada yangu uliyeuliza, macho ya uzi yanatosha. Mtoto hatafuti mdoli mwenye macho ya kung'aa. Anatafuta wa kumbana kifuani wakati anaogopa, na wewe mama unatakiwa uweze kugeuka kumsikiliza daktari bila kujiuliza mtoto ana nini mdomoni.

Anza na kichwa tu wiki hii. Ukikwama kwenye mzunguko wa saba, weka picha hapo kwenye komenti, nikitoka zamu ya usiku nitajibu. Na mtaani mkiniona, msalimieni tu mtoto wenu kwa niaba yangu, mwambieni, "Yule nesi anafuma wadoli."

Sehemu ya 4: homa ya mtoto usiku, lini usubiri asubuhi na lini uondoke hivyohivyo na kanga.