Malipo kwa Lugha Nne

Kabla mashine haijaanza kutuandikia, klasi ya Malipo tuliiandika kwa mkono, tena mara nne. Seva ilikuwa ya Java, programu ya simu ilikuwa na yake, ukurasa wa mhasibu ulikuwa JavaScript, na ripoti za mwisho wa mwezi zilitoka kwenye Python. Kazi yetu pale Dar es Salaam ilikuwa kuzikusanyia shule ada zinazolipwa kwa simu. Makubaliano ya nini kiwemo ndani ya Malipo yalikaa kwenye jedwali la Word, na jedwali lenyewe lilikuwa na matoleo: la mwisho, la mwisho kabisa, na lile ambalo mwenzako alikuwa nalo kwenye kompyuta yake.

Yaliyotokea hayahitaji mganga. Kwenye Java namba ya simu ilikuwa maandishi. Aliyeandika upande wa Python aliona tarakimu tupu, akaifanya namba. Sifuri ya mbele ikaliwa, 0754 ikawa 754, na ripoti ikashindwa kuwaoanisha wazazi na risiti zao. Hakuna kompyuta iliyolalamika, maana kila programu, ukiitazama peke yake, ilikuwa sahihi.

Wakubwa zetu kazini walituangalia wakacheka. Wao walikwisha kuyaona. Kampuni ya Sun ilikuwa na rpcgen, zana ya kuzalisha msimbo kutoka maelezo yaliyoandikwa mara moja, tangu miaka ya 1980. CORBA ikaja 1991 na lugha yake ya kueleza data mara moja, kompaila imalizie. Mimi niliiwahi WSDL, lugha nyingine ya mikataba ya namna hiyo, toleo la 2001. Benki moja ilitupa faili ndefu isiyosomeka, tukaiingiza kwenye zana ya Java, ikatapika folda nzima ya klasi zenye majina ya ajabu. Zana ya Python ikaikataa faili ileile. Ndiyo maana JSON, namna nyepesi ya kuandika data kama maandishi, ilipoenea tuliipokea kwa vigelegele: haikudai mkataba wala zana. Lakini kwa kuuondoa mkataba iliturudisha kwenye kuandika kwa mkono, na hilo waliokuwa wakiisifu hawakulitaja sana.

Kwetu mambo yaligeuka na Protocol Buffers, ambayo Google iliiweka hadharani mwaka 2008, ingawa sisi ilitufikia baadaye sana. Faili moja, nusu ukurasa, yenye mistari kama huu:

string namba_ya_simu = 1;

Ile 1 si thamani. Ni namba ya kipengele, nayo ndiyo inayosafiri mtandaoni, mradi hutumii JSON. Jina linabaki nyumbani. Jina ukitaka kulibadili, libadili. Namba usiiguse, na ukikifuta kipengele unaizuia namba yake isitumike tena, la sivyo programu ya zamani iliyobaki kwenye simu ya mzazi itasoma punguzo ikadhani ni faini. Unatoa amri moja, klasi zinatoka: Java inapata getNambaYaSimu, Python inabaki na namba_ya_simu, kila mmoja kwa desturi ya kwao.

Klasi hizo zinafanana sura kuliko tabia. JavaScript ya kawaida ina uhakika na namba nzima hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Ikivuka hapo, tarakimu za mwisho zinaweza kupotoka. Kwa hiyo int64, yaani namba nzima ya biti 64, ikigeuzwa kuwa JSON hutoka ikiwa maandishi. Mwenye Java anajumlisha moja kwa moja. Mwenye JavaScript lazima ageuze kwanza.

Lililotutesa hasa ni sifuri. Toleo la tatu la Protocol Buffers, lililokamilika 2016, halikutofautisha namba iliyoandikwa sifuri na ile isiyojazwa kabisa. Kwa mhandisi hilo ni jambo dogo. Shuleni, mtoto anayefadhiliwa ana ada 0, na mtoto ambaye karani hajamwandikia ada naye anaonekana 0. Mhasibu akatuita: "Jamani, huyu mtoto anasomeshwa bure au amesahauliwa?" Programu zote nne zilimpa jibu moja, na hakuna iliyojua. Tulijishikiza kwa kuongeza kipengele cha ndiyo au hapana pembeni, mpaka optional, neno la kutofautisha hali hizo mbili, liliporudishwa rasmi 2021. Hapo kile cha pembeni tukakifuta (na namba yake tukaizuia, kama sheria inavyotaka).

Siku hizi hakuna kwetu anayeiandika Malipo kwa mkono, ila mabishano yapo palepale. Sasa tunabishania ni lini malipo yamekamilika. Watu wa programu ya simu wanasema ni pale mzazi anapopata ujumbe. Mhasibu anasema ni pale fedha inapoonekana benki. Kompaila haina la kusema hapo. Kwa hiyo mhasibu, ambaye hajawahi kuandika hata mstari wa programu, siku hizi anaisoma ile faili kabla hatujaipitisha, na ni yeye aliyetaka hali ya malipo igawanywe vipengele viwili. Tukavipa namba 11 na 12. Simu ambazo hazijasasishwa zinavipita tu, hazianguki.