Zamu ya Mama

Karo yangu hailipwi kwa mshahara wa mtu. Hutoka katika sanduku, nami nataka kuwaeleza sanduku hilo ni kitu gani, na jinsi lilivyonitia hasira nilipokuwa kidato cha pili.

Kwetu Juba sanduku hilo si la mbao wala la bati. Ni wanawake kumi na wawili wauzao mboga, chai na makaa. Kila Jumamosi hutoa kila mmoja fedha sawa, na jumla yake hupewa mmoja wao kwa zamu. Watu wa pwani huuita mchezo huo upatu, na Wakenya huuita chama. Niliuona hata kambini Kakuma, nilikojifunza Kiswahili hiki. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha vikundi vya akiba katika nchi ya Niger, na mtindo wao umeenea nchi nyingi za Afrika. Hao wana sanduku la kweli lenye makufuli matatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu. Mama zetu hawana hata kufuli moja. Wanajuana tu.

Adui wa sanduku ni fedha kupungua thamani. Desemba 2015, serikali ilipoiacha paundi yetu ijitafutie bei, dola moja iliyokuwa karibu paundi 3 ikafika zaidi ya paundi 18 mara moja. Mambo yakiwa hivyo, anayepokea kwanza hununua gunia zima la unga, na wa mwisho hununua nusu yake kwa fedha zile zile. Kwa hiyo wanawake wale wamepatana kwamba aliyekuwa wa mwisho mzunguko huu atakuwa wa kwanza mzunguko ujao.

Basi mwaka ule zamu ya kwanza ilikuwa ya mama, nayo ndiyo karo yangu. Siku tatu kabla ya kupokea, mtoto wa mwenzao mmoja akaugua sana. Mama akampa mwenzake zamu yake, yeye akarudi mwisho. Nami nikakaa nyumbani muhula mzima. Nilimwambia mama maneno ambayo sitayaandika hapa.

Hakunijibu. Alinipeleka Rajaf, kusini ya Juba, nikampalilie bibi shamba la karanga. Majani yalikuwa yamefika magotini, nami peke yangu nisingemaliza kwa wiki tatu. Siku ya nne alfajiri nikasikia watu wakija na majembe. Ilikuwa nafir (si nafiri ya kupigwa, bali kazi ya kusaidiana shambani). Mwenye shamba hupika chakula na pombe ya mtama, watu hulima, na kesho huenda kwa mwingine. Sisi wanafunzi wa misheni tulipewa uji, na hakuna aliyetuonea huruma.

Walikuwa zaidi ya ishirini. Miongoni mwao nikamwona yule mwanamke aliyepokea zamu ya mama, yeye na ndugu zake wawili, na mtoto mgongoni, mzima kabisa. Kufika adhuhuri ya siku ya pili kazi ilikuwa imekwisha. Malengelenge ya mikono yangu yalikuwa makubwa kuliko kazi niliyofanya.

Karanga zilipovunwa zilinunuliwa na wanawake wale wale wa sanduku, wakazisaga na kuziuza sokoni Konyo Konyo. Fedha za mauzo zikamrudia bibi, akanunua jembe jipya na mbegu, akawapa vijana wawili wa kijijini kazi ya kufyeka shamba la pili. Zamu ya mama ilipofika, nikarudi shule.

Siku hizi nikiwa likizoni mimi ndiye mwandishi wao wa hesabu, na nimeona kasoro moja ambayo mama hapendi niitaje. Mgeni haingii. Juba imejaa watu waliokimbia vita vya 2013 na vya 2016, na wengi wao hawana mtu wa kuwadhamini. Likizo iliyopita mwanamke mmoja wa namna hiyo, muuza chai, aliomba kuingia. Mwenyekiti akauliza, “Nani anamjua?” Wote wakanyamaza. Kisha mama akasema kwamba hununua chai kwake kila asubuhi. Wakabishana hata jua likazama. Jina lake nimeliandika kwa penseli, chini kabisa ya ukurasa.